Si Mlionywa?

Kuna swali katika Kiswahili chetu cha Kenya ambalo halijawahi kutaka jibu: "Si mlionywa?" Askari wa kaunti huliuliza akiwa ameshapakia mboga za mama wa watu kwenye lori. Lendilodi huliuliza godoro likiwa nje na mvua inanyesha. Mwalimu analijua, bosi analijua, polisi wa maandamano analijua kuliko wote. Limevaa nguo za swali, lakini kazi yake ni kufunga mazungumzo. Likishatamkwa, aliyeumizwa ndiye anayeanza kujieleza, na aliyeumiza anakunja mikono kama mpita njia.

Nataka kujua kama lina haki ya kufanya kazi hiyo. Je, kumwonya mtu kabla ya kumdhuru kunakupunguzia lawama? Nitaanzia mbali, kwenye milima ya mpaka wa India na Afghanistan enzi za Mwingereza, kwa sababu huko onyo liligeuzwa mfumo kamili wenye makaratasi, ratiba na ndege. Halafu nitarudi kwetu, Kericho na Bomet, nchi ya majani chai, ambako fikira ileile ilikuja kwa miguu miaka kumi kabla ya kikosi cha kwanza cha ndege za kijeshi kufika India.

Desemba 1915, kikosi cha 31 cha Royal Flying Corps, jeshi la ndege la Uingereza wakati huo, kiliwasili India, kikawekwa Risalpur, karibu na Peshawar, mahali ambapo leo ni Pakistan. Kilikuwa kikosi cha kwanza cha ndege za kijeshi kutua India, na kaulimbiu yake ya Kilatini inajivunia hivyo: wa kwanza katika anga la India. Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na kitambaa. Kazi yao ilikuwa kuwachunga Wapashtuni wa milimani, na ikibidi kuwaadhibu, maana hawa ni watu ambao serikali ya India iliwatawala kwenye ramani zaidi kuliko ardhini.

Mwaka 1919 ndege hizo zilionyesha zinachoweza. Tarehe 14 Aprili, siku moja baada ya wanajeshi kuwamiminia risasi watu waliokusanyika Jallianwala Bagh mjini Amritsar, ndege zilitumwa Gujranwala, kulikokuwa na ghasia, zikadondosha mabomu na kufyatua risasi mjini na vijiji vya jirani. Tarehe 24 Mei, katika vita vya tatu kati ya Uingereza na Afghanistan, ndege kubwa ya Handley Page iliruka kutoka Risalpur ikalipiga jiji la Kabul, jumba la Amiri likiwa mojawapo ya shabaha. Mambo ya Gujranwala yalizua maswali, na tume ya Hunter iliyochunguza machafuko ya Punjab ililazimika kuyajadili. Mabomu juu ya raia yalihitaji maelezo. Katika miaka iliyofuata, maelezo hayo yalipatikana, na yalikuwa ya karatasi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kabila likishutumiwa kwa uvamizi, ndege zilipita kwanza zikimwaga vipeperushi. Karatasi ilitaja madai: lipeni faini ya rupia kadhaa, salimisheni bunduki kadhaa, mtoeni mtu fulani, kabla ya siku fulani. Siku ikikaribia bila jibu, vilimwagwa vipeperushi vingine: hameni, toeni wanawake na watoto, maana kijiji kitapigwa. Kisha mabomu yalianza, na yaliendelea hadi wazee washuke kukubali masharti. Wakuu wa jeshi la anga walisema lengo lao halikuwa kuua. Lengo lilikuwa kumfanya mtu asiweze kuishi kwake: asivune, asilishe mifugo, asilale, mpaka achoke. Machi hadi Mei 1925, Wing Commander Richard Pink aliwapiga Wamahsud wa Waziristan Kusini kwa ndege peke yake, bila jeshi la miguu. Zilipita siku 54. Waingereza walipoteza watu wawili tu, na vita vile vikabaki na jina lake: Vita vya Pink.

Sasa, tusiwape watetezi wa mfumo huu hoja nyonge ili tuwashinde kirahisi. Hoja yao ilikuwa na uzito. Kabla ya ndege, kabila likiadhibiwa, msafara wa maelfu ya askari uliingia bondeni, ukachoma nyumba, ukaharibu mazao, ukapigana njia nzima kwenda na kurudi. Walikufa wengi pande zote. Ndege iliyotanguliwa na karatasi ilikuwa na gharama ndogo, ya haraka, na mtu aliyesoma karatasi akahamia pangoni alibaki hai. Hoja hii iliaminika kiasi kwamba mwaka 1933, kwenye mkutano wa kupunguza silaha mjini Geneva, Uingereza ilipendekeza mabomu ya ndege yapigwe marufuku duniani, isipokuwa kwa kazi za kipolisi katika maeneo fulani ya mbali. Soma tena maneno hayo taratibu. Lazima uulize: mbali na nani?

Hata ndani ya jeshi lenyewe kulikuwa na aliyetikisika. Lionel Charlton alikuwa afisa wa ngazi ya juu wa jeshi la anga nchini Iraq, ambako mfumo huo ulitumika tangu 1922. Alitembelea hospitali ya Diwaniya, akawaona majeruhi wa mabomu wakiwa vitandani, na baadaye akaomba aondolewe katika kazi ile. Naona umuhimu wa kisa chake uko hapa: aliona kwa karibu kile ambacho kutoka juu kilikuwa nukta. Na mtu wa kitandani hawezi kumwambia daktari, "Nilionywa, kwa hiyo haiumi."

Msidhani haya ni ya Waasia peke yao. Januari 1920, kabla mfumo haujakomaa India na Iraq, ndege 12 za Uingereza zilipelekwa Somalia kumpiga Sayyid Mohammed Abdullah Hassan na wafuasi wake, waliokuwa wamewasumbua Waingereza kwa miaka ishirini. Kwa majuma machache tu ngome zao zilivunjwa, na mafanikio hayo ndiyo yaliyowapa watetezi wa ndege la kusema London. Kisha ikaja zamu ya Kenya. Kuanzia 1953, wakati wa Hali ya Hatari, ndege ndogo za Harvard zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na kuanzia Novemba mwaka huo zikaongezewa nguvu na ndege kubwa za Lincoln zilizoruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Misitu ile ilitangazwa kuwa eneo marufuku: aliyekutwa ndani angeweza kupigwa risasi bila maswali. Vipeperushi vilimwagwa. Ndege zilipita zikiwa na vipaza sauti, zikiwasemesha watu kutoka mawinguni. Agosti 1953 wapiganaji waliambiwa wakitaka kusalimu amri watoke wakiwa wamebeba matawi mabichi. Na aliyebaki msituni? Jibu tunalijua. Si alionywa?

Pengine utasema nina kisa na ndege. Sina. Wapo wazee wa Kikalenjin, kama wa makabila mengine ya Afrika Mashariki, waliopigana Burma na King's African Rifles. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, matope yakimeza magari, na ilichokula kiliangushwa na ndege. Kikosi kilekile cha 31, miaka ishirini na mitano baada ya Gujranwala, kilikuwa sasa kikirusha Dakota kupeleka shehena kwa majeshi ya Burma. Askari aliyekuwa na njaa akisikia mngurumo juu alitazama angani kwa hamu. Kwa hiyo chuma si hoja. Hoja ni uhusiano kati ya aliye juu na aliye chini, na neno analolitanguliza aliye juu kabla hajaachia alichobeba.

Nije kwetu. Mwaka 1905, wakati ndege ilikuwa bado majaribio ya ndugu wawili kule Marekani, Wakipsigis wa Sotik, leo kaunti ya Bomet, walikuwa wamewavamia Wamaasai wakachukua ng'ombe na watu. Serikali ya ukoloni iliwataka warudishe. Hawakurudisha. Juni mwaka huo, msafara wa kijeshi chini ya Meja Richard Pope-Hennessy uliingia Sotik na bunduki za Maxim. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 1,850 waliouawa, wanaume kwa wanawake kwa watoto. Tazama ulivyopangwa: kosa la baadhi, dai kwa wote, muda, kisha moto kwa wote. Ndege ya Waziristan haikuleta fikira mpya. Ilipanda tu juu ya fikira iliyokuwapo.

Miaka michache baadaye, baada ya vita vikuu vya kwanza, sehemu ya ardhi ya Kericho, ekari 25,000, ilitengewa maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Kitani ndicho kilichotoa kitambaa cha kufunika mabawa ya ndege za zama zile, na vita vilikuwa vimepandisha bei yake. Bei ilipoanguka, mradi ukaanguka nayo, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia na chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwahamisha Malaibon, na ukoo wa Talai, watu wapatao mia saba, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Sheria ilichapishwa rasmi. Ilikuwa na jina, mwaka na mhuri. Hakuna aliyeweza kusema haikutangazwa.

Mimi nimekulia upande wa Konoin, kwenye vijiji vinavyopakana na mashamba makubwa. Pale kwetu kuna njia inayoteremka mtoni kupitia msitu wa mikaratusi ya kampuni moja. Wazee wanasema njia ile ni ya zamani kuliko mikaratusi, na umbo lake linaonyesha hivyo, maana inapinda kufuata kilima wakati mistari ya miti imenyooka kama rula. Nikiwa darasa la sita, kibao kilisimamishwa mwanzo wa njia kuwaonya watu wasipite, kuna mbwa. Watu waliendelea kupita kwa sababu mto haukuhamishwa. Siku moja mtoto wa jirani aliyekwenda kuokota kuni akarudi na ndama ya mguu imechanika. Wazazi walipokwenda kuuliza, bibi yangu aliwasindikiza. Sisi humwita kogo.

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa huko huko, na aliongea kwa heshima.

"Kogo, si mliandikiwa kibao?"

"Tuliandikiwa. Kilichoandika ni nani, kijana wangu?"

"Ni kampuni."

"Na mbwa?"

"Wa kampuni."

"Aliyemfungua?"

Kijana akanyamaza.

"Basi," kogo akasema, "usiniulize mimi habari za kibao."

Nilikuwa mdogo, nikadhani kogo ameshinda kwa ukali wa ulimi. Leo naona alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo lugha zetu zina majina tofauti kwa ajili yake, ila tunazoea kuvichanganya: onyo na kitisho.

Chukua methali tuliyoandikiwa kwenye insha zote za shule: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wenye mamlaka wanaipenda. Lakini itazame vizuri inavyosema. Huvunjika. Haisemi huvunjwa. Mkuu wa methali ni mtu aliyetembea njia ile kabla yako, anajua penye shimo, anakuambia. Usiposikia, shimo ndilo linalokuvunja. Mkuu hana faida yoyote mguu ukivunjika. Pengine yeye ndiye atakayekubeba mgongoni mpaka kwa daktari. Hilo ndilo onyo: hatari iko mahali pengine, na anayeonya yuko upande wako.

Sasa mweke mkuu mwingine anayekuambia, "Usipite hapa, utavunjika guu," akiwa ameshika rungu. Maneno ni yaleyale. Hata sauti inaweza kuwa ya upole. Lakini shimo hakuna. Hatari ni yeye. Huyo hakukuonya, amekutisha, na guu likivunjika, sarufi sahihi ni limevunjwa. Kipeperushi cha Waziristan kilikuwa kitisho kilichovaa koti la onyo. Kilisema hatari inakuja siku fulani kana kwamba ni mafuriko, kumbe anayeleta mafuriko ndiye aliyechapisha karatasi.

Hapa msomaji makini ataniuliza: je, sheria zote si vitisho basi? Ukiiba utafungwa. Ukiendesha umelewa utanyang'anywa leseni. Aliyeandika adhabu ndiye atakayeitoa. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kila kitisho ni dhambi. Nasema tu kwamba kitisho hakiwezi kusimama kwa miguu ya kutangazwa peke yake. Sheria ya wizi haiwi ya haki kwa sababu ilitangazwa kwenye gazeti rasmi. Inakuwa ya haki, ikiwa ni ya haki, kwa sababu nyingine: tuna mkono katika kuitunga, inamshika aliyeiba na kumwacha ndugu yake, na kuna mahali pa kujitetea kabla ya adhabu. Toa hayo matatu, ubaki na tangazo, na utakuwa na kipeperushi. Mama wa Kimahsud hakupigia kura faini ile. Bunduki alizodaiwa hazikuwa zake. Na hakukuwa na hakimu kati ya karatasi na bomu. Mtoto wa Sotik mwaka 1905 hakuiba ng'ombe hata mmoja.

Kwenye mageti ya Nairobi mmezoea kibao cha "Mbwa Kali". Mimi sina shida nacho. Mwenye nyumba ndiye mwenye mbwa, sawa, kwa hiyo kwa hesabu yangu kile ni kitisho, lakini geti ni lake, mpaka unaonekana, na hulazimiki kuingia. Shida inaanza mnyororo wa mbwa ukifika kwenye njia ya umma. Na inakuwa kubwa zaidi mtu anapohamisha geti lake usiku, akalisimika katikati ya kijiji, kisha asubuhi akawauliza waliolala ndani kama hawakukiona kibao. Ukoloni kwa sehemu kubwa ulikuwa hivyo: geti linalohama, na kibao kimeandikwa vizuri.

Maisha, lakini, hayaji yamepangwa hivyo safi. Mei 2024, baada ya mvua kubwa, serikali iliwaamuru watu waliokuwa karibu na mabwawa na mito wahame ndani ya saa 24. Mto ulikuwa hatari ya kweli. Watu walikuwa wamekufa. Kuhusu maji, tangazo lile lilikuwa onyo halisi, la mkuu aliyeona shimo. Lakini Mathare na Mukuru, nyuma ya maji yalikuja matingatinga kubomoa nyumba. Karatasi ileile, onyo na kitisho ndani yake, na wengi wetu tuliokuwa tukitazama kwenye simu tulishindwa kuvitenganisha. Tukasema, "Si waliambiwa wahame?" Mto haujali umepata wapi pa kulala kesho. Serikali inapaswa kujali. Ndiyo tofauti.

Sheria ya vita ya leo imekaribia kulielewa hili. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inamtaka anayeshambulia awape raia onyo la mapema lenye manufaa, hali ikiruhusu. Lakini haisemi kwamba raia aliyeonywa na asihame amegeuka askari. Mzee asiyeweza kutembea, mama aliye leba, mtu ambaye hana pa kwenda, wote wanabaki raia. Oktoba 2023, zaidi ya watu milioni moja wa kaskazini mwa Gaza waliambiwa wahamie kusini ndani ya saa 24, na vipeperushi vikamwagwa. Waliobaki waliendelea kuwa raia. Sheria imelitamka hilo, lakini midomo ya watu bado inarudi kwenye swali la zamani.

Ninakubali jambo moja, nalo si dogo. Kama kuna mtu ameshaamua kunipiga bomu, heri aniambie kwanza. Karatasi iliyonitoa nyumbani nikaishi imefanya kazi njema, hata kama mwandishi wake ni adui. Ningekuwa Waziristan ningeisoma, ningebeba watoto, ningekimbia, wala nisingeichana kwa sababu za kifalsafa. Kwa hiyo wanaodai vipeperushi viliokoa watu, mimi siwabishii. Ninachokataa ni hesabu ya pili wanayoiingiza kimya kimya chini ya ile ya kwanza. Onyo linapunguza maiti. Halihamishi damu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ukiniambia utanipiga, nikainama, ukanikosa, umenipunguzia maumivu. Nisipoinama ukanipata, aliyenipiga ni wewe.

Na hili si la historia tu, hasa kwetu. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na vijana waliosema zinawala riziki. Sitetei moto. Lakini nilisikia watu, wengine wenye digrii, wakijibu malalamiko ya wachumaji kwa kusema kwamba mashine hazikuanza kuja jana, walijua zinakuja, wangejipanga. Yaani walionywa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kabla. Ni sheria nzuri, na afadhali iwepo kuliko isiwepo. Mwezi mmoja unakutosha kumaliza unga uliomo ndani. Haukutoshi kupata shamba ambalo babu yako alinyang'anywa, kama angekuwa nalo leo usingehitaji kuchuma kwa kilo kwenye ardhi ya watu. Notisi ni hatua ya mwisho ya hadithi ndefu, na anayeanza kuisoma hadithi kwenye notisi ataona kila kitu ni cha haki.

Ndiyo sababu sipendi tena swali lile, hata mimi mwenyewe nikiwa nimelishika. Na tunalishika sana. Kaka mkubwa anayemwambia mdogo wake, "Nilikuambia huyo dem atakuacha," huenda anaonya, maana moyo si yeye anayeuvunja. Lakini mume anayemwambia mkewe, "Nilikuambia usinikasirishe," huyo ni rubani. Amemwaga karatasi, amesubiri, ameachia. Polisi anayesema tulitoa ilani kwamba maandamano hayaruhusiwi, ni rubani. Tofauti haiko kwenye sauti wala kwenye urefu wa muda uliotolewa. Iko kwenye kitu kimoja: baada ya neno, nani anakwenda kukaa, na nani anakwenda kuchukua rungu?

Wakipsigis na Watalai wamepeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakafika kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wazee waliofukuzwa utotoni sasa wanahesabika kwa vidole. Wakiulizwa na mtu yeyote kama familia zao hazikupewa taarifa kabla ya kuondolewa, jibu ni fupi: walipewa. Taarifa ilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na sheria ilikuwepo kwenye karatasi nzuri kabisa. Kilichokosekana ni haki ya kuwaondoa, na hiyo haiandikwi kwenye kipeperushi, hata kikichapwa mara elfu na kumwagwa kutoka juu kama mvua.